Turufu Tumekubaliana, Sasa Twende Wapi?

Tarehe 31 Oktoba 1925 meli ya abiria iliyoitwa Finland ilifika Balboa, kwenye mlango wa Mfereji wa Panama upande wa bahari ya Pasifiki. Ilitoka California ikielekea Havana, na ilichelewa mno kuingia mferejini siku hiyo. Miongoni mwa abiria alikuwamo Harold Vanderbilt, tajiri wa Marekani aliyependa mashua za tanga na karata, pamoja na marafiki zake watatu. Aliwaonyesha utaratibu mpya wa kuhesabu pointi aliokuwa ameutunga, wakakaa mezani kuujaribu. Briji ya mkataba, inayochezwa leo duniani kote, ilianzia kwenye meza hiyo.

Nimefuata njia iliyoanzia hapo kwa sababu swali moja linanivutia: mchezaji anamwambiaje mwenzake, bila kumwonyesha karata, kwamba turufu yake ameikubali na kwamba anataka waende juu kuliko kawaida?

Katika turufu ya barazani, ile tunayoicheza Zanzibar na Mombasa, karata hufunuliwa na kila mtu akajua turufu ni ipi. Kwenye briji turufu hutafutwa kwa mnada. Wachezaji ni wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja na karata 13. Anayenadi hutaja idadi ya mizunguko atakayokula zaidi ya sita na aina ya turufu, au husema atacheza bila turufu. Kula mizunguko 12 kati ya 13 ni slamu ndogo, kuila yote ni slamu kubwa. Mnada mzima unaruhusu kauli tofauti 38 tu, ukihesabu pasi, dabo na ridabo. Kukunja uso au kuguna ni mwiko.

Katika briji ya mnada iliyotangulia, slamu ilikulipa hata kama hukuinadi. Ulikula mizunguko 12, ukapewa pointi zako. Vanderbilt alichukua kanuni iliyokuwa imeshazoeleka katika plafond, mchezo wa Wafaransa, kwamba kinachohesabiwa kwenye gemu, yaani kiwango cha pointi kinacholeta malipo ya ziada, ni kile tu ulichoahidi. Akaifikisha hadi kwenye slamu, akaipa malipo makubwa. Leo slamu ndogo huongeza pointi 500 au 750, na kubwa 1,000 au 1,500, lakini ni kwa aliyeinadi tu. Kuanzia hapo ukimya ukawa na gharama. Watu wawili walio na karata za slamu wakashindwa kuambizana, walipoteza pointi zilizokuwa mikononi mwao.

Ely Culbertson aliiona biashara iliyokuwa ndani ya tatizo hilo kabla ya wengine. Mwaka 1929 alianzisha jarida la The Bridge World, na mwaka 1930 akatoa kitabu cha mfumo wake wa kunadi. Kwake, mwenzako akifungua kwa shupaza 1 nawe ukaruka hadi shupaza 3, ulikuwa unasema turufu imekubaliwa na hakuna kunyamaza kabla ya gemu. Kauli hiyo ilikuwa na nguvu, lakini ilieleza kiasi tu. Karata kubwa ziko wapi? Haikusema.

Mwaka 1933 Easley Blackwood, mtu wa bima huko Indianapolis, aliliandikia jarida hilohilo kwa jina la kubuni, Ernest Wormwood. Pendekezo lake lilikuwa kwamba turufu ikishakubaliwa, 4 bila turufu iwe swali: una ree ngapi? Pau 5 ni hakuna, uru 5 ni moja, kopa 5 ni mbili, shupaza 5 ni tatu. Jarida halikulichapisha. Likasambaa lenyewe, meza hadi meza, hadi leo hakuna mchezaji wa briji asiyejua jina la Blackwood.

Hata hivyo naamini swali la Blackwood limewaharibia slamu wengi kuliko wanavyokubali. Linatoa idadi bila mahali. Ukiwa na pau mbili ndogo mkononi, mwenzako akakujibu ree moja, bado hujui kama ni ya pau au ya kopa. Waitaliano waliokuwa wakiitwa Timu ya Bluu, wengi wao wa Roma na Napoli, walilitazama jambo hili kwa namna nyingine. Baada ya kuafikiana turufu, kila mmoja alitaja aina ambayo wapinzani hawangeweza kuila mara mbili mfululizo, wakianza na ya chini. Aina iliyorukwa ilikuwa habari pia, kwa maana mwenzako alijua hapo pana tundu. Walitwaa Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia, mara 10 mfululizo kati ya 1957 na 1969.

Kituo ninachokipenda kuliko vyote ni cha miaka ya 1960, alipotokea Dorothy Hayden wa Marekani, mmoja wa wanawake wachache wa wakati huo waliokaa kwenye meza za ubingwa wa dunia. Wazo lake linaitwa splinta, na David Cliff alilifikia kwa njia yake mwenyewe. Mwenzako amefungua kwa shupaza 1. Wewe unaruka moja kwa moja hadi pau 4. Kwa kauli hiyo moja umesema una shupaza nne au zaidi, una nguvu za gemu, na pau unayo moja tu au huna kabisa.

Tuziweke karata mezani. Una shupaza mfalme, malkia, 7, 4. Kopa ree, 8, 5, 3. Uru mfalme, ghulamu, 6, 2. Na pau 3 peke yake. Mwenzako ana shupaza ree, ghulamu, 10, 8, 5. Kopa mfalme, 6. Uru ree, malkia, 4. Na pau 8, 5, 2. Kwa hesabu ya kawaida, ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, mna pointi 27 kati ya 40, na wengi hufundishwa wasubiri 33 ndipo wafikirie slamu. Lakini pau moja italiwa, mbili zilizobaki zitakatwa kwa turufu zako ndogo, na mizunguko 12 ipo. Sasa mpe mwenzako pau mfalme, malkia, 5, na badala ya ree na malkia ya uru awe na malkia, 9, 4. Pointi zake zimeongezeka kwa moja, na slamu imekufa: ree mbili ziko kwa wapinzani. Splinta humwezesha kuzitambua hali hizo mbili yeye mwenyewe. Blackwood angemweleza kuhusu ree tu. Angemwonyesha kuwa mbili hazipo, lakini asingemwambia kwamba mfalme na malkia wake wa pau hawana kazi.

Oswald Jacoby, aliyekuwa mpinzani wa Culbertson katika pambano maarufu la 1931 na kuondoka kabla halijaisha, aliligeuza jambo hilo. Shupaza 3 ilikuwa imepoa, wengi wakiitumia kama mwaliko tu, kwa hiyo pakahitajika kauli nyingine ya nguvu. Jacoby akaipa kazi hiyo 2 bila turufu: nina turufu nne, tunakwenda gemu, niambie wewe una upungufu wapi.

Na swali la Blackwood lenyewe halikubaki lilivyokuwa. Wachezaji walichoka kunadi slamu wakiwa na ree zote huku turufu yao ina ufa juu. Wakamhesabu mfalme wa turufu kama ree ya tano, na majibu yakapangwa ili hata malkia wa turufu aweze kuulizwa. Eddie Kantar wa Marekani aliliandikia suala hili kitabu kizima. Ndiyo maana leo, kwa wanaocheza hivyo, wawili wakikosea kuafikiana turufu ni ipi, jibu la 4 bila turufu linahesabu mfalme wa aina nyingine, na slamu huvunjika kabla karata ya kwanza haijatupwa mezani.