Ufunguo, Paa na Dalali

Tumeulizwa mara nyingi: paa likivuja, na mwenye nyumba akasema "nendeni kwa dalali", je, amejivua jukumu?

Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H, sawa na 1277) amelieleza jambo hili katika Minhaj, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma madrasa. Mwenye nyumba ndiye wa kumkabidhi mpangaji ufunguo na kuifanyia nyumba matengenezo. Asipoharakisha kuitengeneza, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Tazama, hata ufunguo umetajwa! Bila ya huo mpangaji hakupata manufaa anayoyalipia.

Karne sita baadaye Dola ya Uthmaniya ilitoa Majalla, kati ya 1869 na 1876, kwa madhehebu ya Hanafi. Kifungu cha 529 nacho kinamtwika mwenye nyumba matengenezo na njia za maji.

Wengi wanateleza kwenye kodi. Dalali aliyepewa idhini ya kupokea kodi ni wakili, na mkono wa wakili ni mkono wa amana. Ikipotea bila ya uzembe wake, hasara ni ya aliyemtuma. Akiila, atailipa yeye kwa aliyemtuma. Katika hali zote mbili mpangaji hadaiwi tena.

Tumewahi kusuluhisha shauri la mjane aliyedaiwa kodi mara mbili baada ya dalali kutoweka. Tulimwambia mwenye nyumba: mtafute wakili wako, mama huyu ameshalipa. Hakupendezwa.