Kimya cha Sekunde Sita

Nataka tuzungumze juu ya wembe. Si wembe wa ndevu, bali ule tuliokatia kanda za sauti studioni.

Waliotutangulia hapa Moshi waliujua vizuri. Kanisa la Kilutheri lilikuwa na studio yake mjini, Sauti ya Injili. Vipindi vilinaswa kwenye kanda, vikakatwa na kuungwa, kisha kanda zikasafirishwa hadi Addis Ababa, kwenye kituo cha Radio Voice of the Gospel kilichoanza mwaka 1963. Kutoka huko sauti ilirudi kwa masafa mafupi hadi kwenye redio za betri, migombani Machame na Marangu. Safari hiyo ilikoma mwaka 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitaifisha kituo.

Mimi nilijifunza kukata kanda chuoni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mashine iliyokuwa imekwisha kuzeeka. Unazungusha magurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, neno linanguruma kama ng'ombe, hadi uupate mwanzo wake. Unatia alama kwa penseli, unalaza utepe kwenye kibao chenye mfereji, unakata mshazari ili muungo usisikike, unabandika. Kipande ulichokata ulikivaa shingoni, maana mwalimu hakukawia kusema, "Kirudishe."

Halafu ikaja kompyuta. Huko Marekani kampuni ya Soundstream ilikuwa ikihariri sauti kwa kompyuta tangu miaka ya 1970; sisi tulikutana nayo kwa programu kama Cool Edit, na Audacity iliyotolewa bure mwaka 2000. Sauti inakuwa mchoro wa milima na mabonde kwenye kioo. Unaburuza kipanya, sehemu uliyochagua inabadilika rangi. Unakata, unanakili, unabandika, unakuza sauti iliyo chini, unaifanya ififie taratibu. Ukikosea, unatengua. Sitasema uongo, nilifurahi mno. Kazi ya kutwa nzima ikawa ya nusu saa, na vidole vikapona.

Mwaka 2009 nilipanda Old Moshi kumhoji mzee mmoja juu ya mifongo, ile mifereji ambayo Wachagga waliichimba kuteremsha maji ya mlima hadi vihambani. Nilimwuliza mfongo wa kwao ulikuwa mali ya nani. Akajibu, "Wa mangi." Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ndivyo tulivyozoea kujibu. Waliouchimba ni babu zetu."

Studioni nilihariri kwa macho. Kile kimya kilionekana mstari mnyoofu tu, usio na mlima wala bonde. Maneno yaliyofuata yalikuwa kama vumbi juu ya mstari huo, nikadhani ni upepo wa migombani. Kipindi kilikuwa kimezidi muda. Nikafuta vyote.

Baada ya kutangazwa, binti yake alinifuata mjini. "Kaka, baba anauliza, yale mengine umeyapeleka wapi? Watu wa ukoo wanamwona ameuza mfongo wao."

Nikafungua faili. Nilikuwa nimehifadhi juu ya ile ya asili, na programu ikishafungwa, kutengua hakurudishi kitu. Baadaye nilipiga hesabu. Kimya kile kilikuwa cha sekunde sita hivi. Kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, kwenye kanda kingekuwa na sentimita 114. Kingenining'inia shingoni hadi kiunoni, na bila shaka ningekisikiliza kabla ya kukitupa.

Nilipanda tena na kinasa sauti. Mzee alinikaribisha vizuri, akaagiza mbege, akazungumza kwa kirefu juu ya kahawa na wajukuu. Nilipogusia mfongo, alisema hilo alikwisha kunijibu.