Kondo ya Nyuma katika Njia ya Misafara

Katika somo lililopita tulifika Tabora pamoja na wapagazi. Lakini wapagazi hawakwenda peke yao. Wake zao walifuatana nao wakipika na kubeba vyombo, na watoto walizaliwa njiani.

Burton, Mwingereza, aliingia Kaze, ndiyo Tabora yetu, tarehe 7 Novemba, 1857, baada ya siku 134 toka pwani. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliandika kwamba mwanamke wa Kinyamwezi, uchungu ukimfika, huenda porini, na baada ya saa chache hurudi na mtoto mgongoni katika ngozi ya mbuzi, pengine na mzigo wa kuni kichwani. Mtu akisoma hivyo hudhani kuzaa kwao kulikuwa kazi nyepesi. Lakini waliohesabiwa ni wale waliorudi. Mambo ya porini yalikuwa ya wanawake, na Burton hakuwapo.

Hebu tuulize habari za kondo ya nyuma, ambayo wengine huiita zalio. Usidhani ni takataka ya uzazi tu. Kwa miezi mingi ya mimba kiungo hiki ndicho mapafu, figo na tumbo la mtoto. Damu ya mama huleta chakula na hewa safi. Damu ya mtoto huvipokea kupitia utando mwembamba na kurudisha uchafu, wala damu hizo mbili hazichanganyiki. Mama akitembea kutwa kwa uji kidogo, riziki hiyo iligawanywa hapo.

Adui mkubwa wa kondo katika nchi zetu ni malaria. Mtu mzima aliyezoea homa tangu utotoni huweza kuwa na vijidudu damuni asiugue. Akishika mimba ya kwanza, vijidudu hupata maficho mapya. Mwaka 1996 wataalamu Fried na Duffy, waliofanya kazi magharibi ya Kenya, walionyesha kwamba chembe za damu zenye vijidudu hunata kondoni kwa namna ya pekee, ambayo mwili wa mama haujaizoea. Mtoto hupungukiwa chakula, akazaliwa mwepesi, au mimba ikaharibika. Mama hukosa damu, pengine bila homa yoyote.

Basi yule mwenye kuni kichwani huenda alikuwa mgonjwa, na msafiri asingeweza kujua. Hata mbu kuwa ndiye mchukuzi wa malaria, Ross alianza kulionyesha mwaka 1897. Siku hizi klinikini mama hupewa dawa ya SP tangu mwezi wa nne wa mimba, ingawa hahisi homa, kwa kuwa anayetafutwa amejificha kondoni.