Blogu Bila Msomaji ni Daftari Tu



Siku zilizopita niliandika kuhusu foleni ya maji. Laiki zilikuja nyingi, maoni sifuri. Halafu asubuhi moja bombani, mama mmoja jirani akaniita: “Mwanangu, mtoto wangu alinisomea ile kitu uliandika. Ni nzuri, lakini hukusema sisi wamama tunaamka saa tisa ya usiku kupanga jerikani.” Nikanyamaza. Yule mama hana hata simu ya kugusa, lakini ndiye msomaji wa kweli niliyempata. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: hawa watu walioanzisha blogu walikuwa wanasomana vipi?

Tuanze mwanzo. Mwaka 1994 mwanafunzi mmoja wa chuo huko Marekani, Justin Hall, alianza kuandika maisha yake kwenye ukurasa wake wa intaneti. Desemba 1997 Mmarekani mwingine, Jorn Barger, akaleta neno “weblog”, maana yake daftari la kumbukumbu la mtandaoni. Ndani yake aliorodhesha vitu alivyosoma kwa wengine. Angalia vizuri hapo: daftari lile lilikuwa kwanza la mtu anayesoma. Mwaka 1999 neno likafupishwa kuwa “blog”, na mwaka huo huo programu ya Blogger ikatoka. Sasa hata asiyejua kuunda tovuti angeweza kuandika na kusomwa.

Wakajenga desturi zao. Pembeni ya blogu mwenyewe aliweka orodha ya blogu anazosoma yeye. Chini kulikuwa na nafasi ya maoni. Ukisoma kitu kwa mwenzako, unaandika jibu kwako na kuweka kiungo cha kurudi kwake. Ni kama baraza la kwetu: leo unatembelewa, kesho na wewe unatembelea. Anayekaa nyumbani kungoja wageni tu, mwisho hana mgeni.

Mfano unaonigusa ni wa Iraq. Mwaka 2002 kijana mmoja wa Baghdad alianza blogu kwa sababu rafiki yake Raed, aliyekuwa Jordan, alikuwa mvivu wa kujibu barua pepe. Blogu akaiita “Where is Raed?”, yaani Raed yuko wapi? Hakutumia jina lake. Alijiita Salam Pax, maneno mawili ya lugha mbili, yote yakimaanisha amani. Vita vilipoanza Machi 2003, watu wa dunia nzima walikuwa wanamsoma aeleze mabomu yanavyoanguka mjini kwake. Wengine walibisha kwamba hayupo kabisa. Baadaye gazeti la The Guardian la Uingereza likampa safu. Yote yalianza na barua kwa rafiki mmoja.

Kwa Kiswahili, mmoja wa watu wa mwanzo ni Mtanzania Ndesanjo Macha, na blogu yake ya Jikomboe. Yeye pia alifanya kazi na Global Voices, mtandao ulioanzishwa mwaka 2004 kusoma blogu za nchi mbalimbali na kuwaelezea wengine. Yaani kusoma watu ikawa kazi kamili.

Hapa Kenya, blogu zilipimwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Vurugu zilipoanza, serikali ilizuia matangazo ya moja kwa moja. Watu wakakimbilia blogu kujua nini kinatokea, mojawapo ikiwa ya mwanasheria Ory Okolloh. Wasomaji walimtumia habari, naye akaandika. Zilipomzidi, Januari 2008 akauliza kwenye blogu yake kama kuna fundi wa kompyuta anayeweza kuweka matukio haya kwenye ramani. Wanablogu wenzake waliokuwa wakisomana naye wakaitika, na ndani ya siku chache Ushahidi ikazaliwa. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika vurugu zile, na blogu hazikuzuia hilo. Lakini ramani ile ilibaki na kumbukumbu ambayo watu wengine wangependa isahauliwe.

Na hapa Kakuma kwetu? Wengi wetu hatujui kwamba Desemba 2008 wakimbizi wa kambi hii walitoa toleo la kwanza la KANERE, Kakuma News Reflector, wakaliweka kwenye blogu. Walikuwa wametoka nchi tofauti, na waliliita gazeti huru la wakimbizi. Kabla ya hapo kambi iliandikwa sana na watu waliokuja kwa wiki mbili wakaondoka. Mimi mwenyewe nimeishi hapa miaka bila kujua kwamba kulikuwa na kaka na dada waliotutangulia. Hilo liliniuma. Tusiposomana, kila kizazi kinaanza upya kana kwamba ndicho cha kwanza.

Kuna upande wa hatari pia, nisiwadanganye. Ethiopia kulikuwa na kikundi cha wanablogu kilichojiita Zone 9. Gereza la Kaliti, Addis Ababa, lilikuwa na kanda nane, kwa hiyo wao wakasema nchi iliyobaki ndiyo kanda ya tisa. Aprili 2014 sita kati yao walikamatwa, baadaye wakashtakiwa kwa ugaidi. Ilikuwa Oktoba 2015 ndipo wa mwisho waliokuwa bado ndani wakaachiwa. Tanzania, kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wachukue leseni, na gharama ilipita shilingi milioni 2. Wengi waliacha.

Kwa hiyo sisi tufanye nini? Mimi naona mambo matatu. Kwanza, kabla hujaandika yako, soma ya mwenzako mpaka mwisho, acha hata sentensi moja: hapa umekosea, hapa umesahau kitu. Hiyo ni heshima kubwa kuliko kidole gumba. Pili, linda watu. Usiweke jina la jirani, namba ya kesi yake, wala picha ya mtoto wake bila ruhusa. Salam Pax alijificha kwa sababu alijua ni nani anaweza kuwa anasoma. Tatu, wasomee wasio na simu wala bando, halafu andika wanachojibu.

Na nyinyi wa mashirika, tunajua mnatusoma kimya kimya. Tujibuni, hata kutupinga. Tutajua kuna mtu upande wa pili.

Ile makala ya maji nimeshairekebisha. Nimeongeza saa tisa ya usiku. Jioni nitaenda kumsomea mama mwenyewe, nione atasema nini tena.