Neno Lililokufa katika Kiingereza

Leo nataka kuwaeleza habari za neno moja la Kiingereza lililokufa, kwa sababu lilinitia haya siku moja nilipokuwa mwanafunzi.

Tulikuwa tukisoma Waraka kwa Warumi katika Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyopigwa chapa mwaka 1611. Katika mlango wa 1, aya ya 13, Mtume Paulo aeleza jinsi alivyokusudia mara nyingi kwenda Rumi, na hapo limetumika neno “let”. Mimi nikasimama, nikafasiri kwa sauti kuu kwamba Paulo alipewa ruhusa. Mwalimu akaniuliza, “Kama alipewa ruhusa, mbona hakwenda?” Nikanyamaza. Nilipofungua Kitabu cha Kiswahili, nikaona kwamba Paulo alizuiliwa.

Yawezekanaje neno moja kuwa na maana ya kuruhusu, na ya kuzuia pia? Sababu yake ni hii. Katika karne ya tano Waangli na Wasaksoni walivuka bahari kutoka pande za Ujerumani na Denmark, wakakaa Uingereza. Katika lugha yao yalikuwamo maneno mawili. La kwanza ni “lætan”, yaani kuacha au kuruhusu. La pili ni “lettan”, yaani kuzuia, nalo lilitokana na neno lenye maana ya kukawia. Basi kumzuia mtu kulikuwa ni kumkawiza. Neno “late” la siku hizi, litumikalo kwa mtu aliyechelewa, ni ndugu yake.

Miaka mingi ikapita, miisho ya maneno ikakatika, sauti zikafupishwa, hata yote mawili yakatamkwa sawasawa. Sisi nasi tunayo mambo kama hayo: kaa la moto, kaa wa pwani, na kaa kitako. Lakini hayo hayapingani. Yale ya Waingereza yalipingana kabisa. Mnamo mwaka 1600 Shakespeare alilitumia neno hili kwa maana ya kuzuia katika mchezo wa Hamlet, na watu wakamfahamu. Baadaye likaachwa polepole, na wale waliolisahihisha Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1881 wakaweka maneno mengine mahali pake.

Hata hivyo mizizi yake haijang'oka yote. Pasi ya Mwingereza hata leo yaomba mwenyewe aachwe apite pasipo “let”, yaani pasipo kizuizi. Na katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaanguka mahali pake, huitwa “let”, nao hupigwa tena.

Kosa langu lilichekesha tu. Lakini tazameni 2 Wathesalonike 2:7, ambapo neno hilihili limetumika kwa habari za yule azuiaye siri ya uasi. Mtu akilifasiri kwa maana ya leo, atawafundisha watu kwamba yeye auzuiaye uovu ndiye aupaye ruhusa. Hilo si kosa dogo, hasa kwake asimamaye mbele ya wengine. Basi, tusomapo kitabu cha kale, tusidhani kwamba kila neno tulijualo lina maana ile tuijuayo. Tulinganishe, tuulize, kwani kuuliza si ujinga.