Bamba Jeupe Chini ya Setilaiti

Historia ya kuitazama dunia kutoka angani husimuliwa kama historia ya roketi. Katika insha hii ninadai kwamba nusu ya historia hiyo iliandikwa ardhini, na watu waliosimama juani wakiwa na spektromita ya kubebeka na bamba jeupe.

Spektromita hupima mwanga unaoakisiwa na kitu, hata ule usioonekana kwa macho. Lakini mwanga wa jua hubadilika saa kwa saa. Kwa hiyo mpimaji huanza na bamba linalorudisha karibu mwanga wote, kisha hupima udongo au jani, na kugawanya kipimo cha pili kwa cha kwanza. Bamba ni kama jiwe la mizani sokoni: likipungua uzito, kila kilo inayouzwa ni ya uongo.

Kazi hii ilitangulia setilaiti. Mwaka 1947, E. L. Krinov wa Muungano wa Kisovieti alichapisha vipimo vya mwanga unaoakisiwa na mamia ya vitu vya asili. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972, miaka 25 baadaye.

Hapo likazuka tatizo jipya. Chombo kilichoko angani huchakaa, na hakuna fundi wa kupanda kukikagua. Katika miaka ya 1980, Philip Slater na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona walikwenda kwenye mchanga mweupe wa White Sands, New Mexico, wakapima ardhi wakati setilaiti ikipita juu yao. Walipojua ardhi inarudisha mwanga kiasi gani na hewa inaupunguza kiasi gani, walikokotoa setilaiti ilipaswa kuona nini. Landsat 5, iliyorushwa mwaka 1984 ikitarajiwa kudumu miaka 3, ilizimwa mwaka 2013. Bila ukaguzi wa namna hii, tungejuaje kama msitu umepungua au jicho la chombo limefifia? Leo kazi hiyo inafanyika Afrika pia, huko Gobabeb, katika jangwa la Namib, kwa chombo kinachojiendesha chenyewe.

Mimi nilielewa jambo hili kwa aibu. Nikiwa mwaka wa pili, kwenye mafunzo ya vitendo katika bonde la Rusizi, nililishika bamba kwa vidole vyenye jasho na vumbi. Likarudisha mwanga mdogo, na mpunga wetu ukaonekana kung'aa kuliko ulivyo. Kosa liligunduliwa jioni, tulipolinganisha na bamba safi. Kazi ya wenzangu ya siku nzima ikatupwa.

Mwanahistoria akipewa barua huuliza nani aliiandika na lini. Akipewa picha ya setilaiti inayosema ziwa limepungua au mlima umebaki uchi, aulize pia: ilisawazishwa wapi, na bamba lilikuwa safi?