Ngoma ya Beni na Mapigo Yake

Mtu avukaye mpaka kutoka Tunduma kwenda Nakonde husikia Kinyamwanga pande zote mbili. Mpaka huo Wadachi na Waingereza waliuafikiana mwaka wa 1890, wala hapana mzee wa hapa aliyeulizwa. Ngoma nazo zimevuka bila kuuliza. Mojawapo yastahili kuandikiwa habari zake, nayo ni beni, kwa kuwa wengi wameidharau wakisema kwamba ilikuwa kuwaiga Wazungu tu.

Beni ilianza pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Jina latokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta. Vijana walizisikia tarumbeta za manowari, na za watoto wa misheni ya Freretown, mahali walipowekwa watumwa waliokombolewa. Wakaunda vyama vyao wenyewe, vyenye mfalme, jenerali na daktari. Huko Tanga na Dar es Salaam vyama vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti. Watu wa Marini walijiona kuwa waungwana kuliko wenzao. Walishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, hata wengine wakaingia katika madeni.

Vita vya 1914 hata 1918 ndivyo vilivyoileta bara. Askari wa pande zote mbili waliicheza makambini, na wapagazi wakajifunza. Wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kupata 95,000, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote. Mwezi wa Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita jirani na hapa, likalishambulia boma la Fife, likafika Kasama, ndipo likaweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa yaitwa Mbala, tarehe 25. Waliosalia wakarudi makwao, na ngoma wakaenda nayo.

Basi, tuitazame ngoma yenyewe. Tarumbeta za shaba zilikuwa ghali, tena vijijini hazikupatikana. Watu wa Ziwa Nyasa wakatwaa vibuyu, wakatoboa tundu na kuliziba kwa utando wa buibui. Mtu akiimba ndani yake, sauti hutetema kama tarumbeta. Ndiyo malipenga, ambayo pengine huitwa mganda. Ngoma kubwa hushika pigo la gwaride, kushoto kulia, kushoto kulia. Lakini sikiliza vizuri. Ni desturi ya ngoma zetu kwamba mmoja apiga mawili na mwenziwe apiga matatu kwa muda ule ule, wala hawapotezani. Mchezaji naye hapigi mguu chini kama askari: huinama kidogo, huuvuta mguu, huukawiza, akapumzika mahali ambapo sajini angalimpigia kelele. Safu imenyoka kama ya jeshi, ila miili ndani yake si ya jeshi. Je, huku ni kuiga? Kwangu mimi ni kuitwaa amri ya mtu na kuitumia kwa furaha yako. Padre A. M. Jones, aliyefundisha Mapanza katika Rodesia ya Kaskazini, hakuidharau. Mwaka wa 1945 alichapisha makala juu ya mganda, akiyapima mapigo yake.

Serikali iliisikiliza kwa sikio jingine. Mwezi wa Mei 1935 wafanyakazi wa migodi ya shaba waligoma Mufulira, Nkana na Luanshya, na huko Luanshya watu sita wakauawa kwa risasi. Mbele ya tume iliyochunguza, vyama vya mbeni, kama walivyoviita kule, vilitajwa sana. Si ajabu. Watu waliozoea kukutana, kuchanga fedha na kutii viongozi wao wenyewe huweza pia kupelekeana habari za mshahara.

Huko huko migodini ilichezwa kalela, mtoto wa mbeni. Mtaalamu J. Clyde Mitchell aliitazama Luanshya mwaka wa 1951. Vijana walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa. Jenerali hakuwapo tena. Walikuwapo mfalme na daktari, na nesi aliyevaa nguo nyeupe, akizunguka kwa wachezaji na kioo ili wajitazame, na kitambaa cha kuwapangusa jasho.